Jasho Moja, Nguo Mbili

Wengi wetu tumekwisha kuliona jambo hili, lakini si wengi waliokaa kulifikiri. Jioni mtu huvaa bukta na fulana, akaenda kiwanjani kucheza mpira. Jasho likimtiririka usoni na mgongoni haoni haya. Hulifurahia, na arudipo nyumbani husema, "Leo nimetoka jasho kweli kweli," kana kwamba amepewa tunzo. Asubuhi yake mtu yule yule huvaa shati na tai, akapanda kilima kwenda kazini. Jasho likimtoka husononeka, hujipangusa kwa leso, na kukaa mbali na wenzake. Je, kilichobadilika ni nini? Ni nguo tu?

Kwanza na tuutendee mwili haki. Ngozi ya mtu ina vitundu vya jasho kati ya milioni 2 na milioni 4. Kazi ya jasho ni kuupoza mwili: likaukapo juu ya ngozi huchukua joto likaenda nalo. Nguo nyepesi na pana hupitisha hewa, nalo jasho hukauka upesi. Nguo nzito yenye kubana hulizuia. Tena jasho litokapo karibu halina harufu. Harufu huletwa na vijidudu vikaavyo juu ya ngozi, hasa kwapani. Mchezaji huenda kuoga mara arudipo. Mwenye tai hukaa na shati lake mpaka jioni. Basi chukizo lake si la bure.

Lakini sababu iliyo kubwa zaidi imo moyoni. Mchezaji amelitafuta jasho mwenyewe, naye aweza kulikomesha atakapo. Nguo zake zawaambia watu wote kwamba ametoka jasho kwa hiari. Mwenye tai limemjia kama mgeni asiyealikwa, nalo lamfichulia siri yake, kwamba amekuja kwa miguu, au amechelewa, au ana hofu. Kwa hiyo furaha ya jasho ni furaha ya uhuru, na haya ya jasho ni haya ya kuonekana jinsi tulivyo.

Hapo ndipo swali linapokuwa zito. Siku moja mzee mmoja alikuja shuleni kwetu kuuliza habari za mjukuu wake. Alikuwa ametoka kupalilia, jembe li begani, shati limeloa. Tulisimama naye mlangoni, hatukumpa kiti, na maneno yake tukayakatisha. Jioni ile ile kiwanjani tulimkumbatia mwenzetu aliyefunga bao, naye ameloa kuliko yule mzee. Usiku tulijiuliza: tulikimbia nini? Si jasho, maana jasho tulilikumbatia. Tulikimbia umaskini. Tuliliheshimu jasho la mchezo, lisilomlisha mtu, tukalidharau jasho la shamba, litulishalo sisi sote.

Labda msomaji atauliza, "Je, mwataka kila mtu aje barazani ameloa?" Hasha. Usafi ni heshima tuwapayo wenzetu. Mwenye maji na aoge. Wala hatusemi kwamba yampasa mkulima kulifurahia jasho lake kama mchezaji. Mchezaji akichoka huketi. Mkulima akiketi, mvua humpita. Kumwambia afurahi ni kumdhihaki. Twasema neno moja tu: nguo yaweza kuamua kama jasho litatupendeza au litatuudhi, lakini haina amri ya kuamua nani apewe kiti.

Kesho yake tulikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Nyumba yake i juu kilimani, nasi tulifika tumeloa, shati na tai pia. Alicheka, akatukalisha juu ya kigoda chake mwenyewe, akatuletea maji ya kunywa.