Laktomita Bila Kipimajoto

Kijana mmoja wa Mathira, upande wa Karatina huko Nyeri, alikamua ng'ombe wake alfajiri, akafunga mtungi kwenye pikipiki na kuwahi kituo cha kukusanyia maziwa. Maziwa yalikuwa bado yana joto la kiwele. Karani akatumbukiza laktomita, ikasoma 25.

"Kijana, umetia maji."

"Haki ya Mungu, mzee, sijatia hata tone."

Akarudishiwa mtungi wake mbele ya majirani.

Laktomita ni kichupa cha kioo chenye uzito chini na shingo nyembamba yenye namba. Kadiri lita ya kimiminika ilivyo nzito, ndivyo kichupa kinavyoelea juu zaidi. Wakulima wa Nyeri wanaijua kanuni hii kwenye kahawa: punje hafifu huelea mferejini, nzito huzama. Maziwa halisi yenye digrii 20 husoma kati ya 26 na 32, yaani lita moja ina gramu 1,026 hadi 1,032, ilhali ya maji ni kama gramu 1,000. Ukitia maji, kichupa huzama na namba hushuka. Lakini joto nalo huishusha, kwa sababu maziwa ya moto hutanuka na lita yake huwa nyepesi. Ndiyo maana kwa kila digrii ya joto inayozidi 20 namba huongezewa 0.2, na kwa kila inayopungua 20 hutolewa 0.2. Tuseme maziwa ya kijana yule yalikuwa na digrii 32: ongeza 2.4, unapata 27.4. Imo ndani ya kiwango cha maziwa halisi. Mimi lawama ya kwanza naiweka kwa karani. Hakuwa na kipimajoto, wala hakungoja hata nusu saa yapoe.

Kijana akaona kwamba akishaitwa mwizi, bora aibe. Julai, baridi ya mlimani ilipokaza, aliyalaza maziwa ya jioni kwenye beseni la maji ya mto, na asubuhi akayaongezea maji yaleyale, bila kuyachemsha. Yakiwa na digrii 12, laktomita ilisoma 27. Yakapokelewa, yakamwagwa tangini pamoja na ya wenzake. Hesabu ya haki ingetoa 1.6, zibaki 25.4.

Mwisho alikuja karani mwingine, mama mwenye kipimajoto mfukoni, akamnasa kwa mara ya kwanza tu. Kijana akaomba ile siku ya aibu ihesabiwe upya. Daftari likafunguliwa: 25, jina lake, na neno "maji". Joto la maziwa halikuandikwa.