Utii wa Nyuki Una Thawabu?

Mhubiri akitafuta mfano wa utii, nyuki hachelewi kutajwa. Waislamu wana sura nzima yenye jina lake, ya 16 katika Kurani, inayoeleza kuwa Mola ndiye aliyempa ilhamu ya kujenga milimani, mitini na wanakojenga watu. Wakristo nao humsifia kibarua wa mzingani: anamtumikia malkia mpaka kufa, hana mume wala mtoto. Lakini mfugaji wa Buhongwa, Mwanza, akifungua mzinga uliofiwa na malkia, hukuta jambo lisilohubiriwa.

Kundi likishindwa kulea malkia mwingine, baada ya wiki chache vibarua huanza kutaga wenyewe. Kijumba kimoja cha sega kina mayai mawili, matatu, hata zaidi, mengine yamenata ukutani maana mkia wa kibarua ni mfupi, haufiki chini. Na kwa kuwa hawajapandwa, mayai yao hutoa madume matupu. Kundi hilo halina siku nyingi.

Chanzo kiko ubongoni. Malkia hutoa harufu kutoka tezi za taya, na kemikali mojawapo ndani yake inafanana kwa umbo na dopamini, kemikali ya ubongoni ambayo hata binadamu anayo. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walionyesha kuwa harufu hiyo hushusha dopamini katika ubongo wa vibarua wachanga. Isipokuwepo, dopamini hupanda na ovari huamka. Mwaka huohuo ilibainika pia kwamba wachanga wanaoivuta harufu hiyo hawajifunzi kuogopa kitu kinachoambatana na shoti ya umeme. Watawala wangapi wangeitamani chupa moja!

Sasa kibarua kujinyima uzazi ni uamuzi au ni dozi? Mtakatifu Augustino, ambaye chuo kikuu cha Malimbe, si mbali na Buhongwa, kinaitwa kwa jina lake, aliandika kitabu kizima juu ya hiari, akishikilia kuwa dhambi hutoka katika utashi. Kwa kipimo hicho kibarua hana dhambi akitaga, wala thawabu akijizuia. Hata malkia akiwepo, wachache hutaga kwa kuibia, na wenzao huyala mayai hayo. Nao hawastahili kuitwa waadilifu.

Binadamu asijifiche nyuma ya mdudu huyu. Dopamini anayo, ila anaweza kusimama akajiuliza anamtii nani na kwa nini. Kwa hiyo wahubiri wamsifie nyuki kwa asali na bidii. Wakifika kwenye utii, wamtaje mtu aliyekuwa na uwezo wa kukataa.