Mke Akisema "Wametosha"

Huenda mazungumzo haya yamewahi kufika nyumbani kwenu usiku, watoto wakiwa wamelala. Mume anataka mtoto wa nne. Mke asema watatu wametosha. Mume anaudhika: "Mama yangu alizaa tisa!"

Ni kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto 8; uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Je, akina mama wamekuwa wachoyo wa uhai? Sidhani. Shamba la babu kule Wundanyi limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, likabaki vipande. Huku Voi mvua ni haba, na kinachoota huliwa na ndovu wa Tsavo. Karo haingoji mavuno. Na baba akiwa kazini Mombasa, nani hukesha na mtoto mwenye homa? Hapo ndipo hesabu ya mama inapoanzia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba uamuzi huu ni wa mume na mke wenyewe, mbele ya Mungu, wakipima hali yao ya maisha. Si wa mama mkwe (samahani, mama), wala si wa mume peke yake. Njia za asili ambazo Kanisa linaelekeza humdai mume naye ajizuie.

Nawe mama, usimeze vidonge kwa siri, sema. Bwana, kabla ya kuuliza atazaa lini, muulize anaogopa nini. Huenda akakujibu kwamba haogopi mtoto, anaogopa kumlea peke yake tena.