Fungu la Aliyeona

Ubishi uliozuka hivi karibuni hapa Machakos, miongoni mwa wachezaji wa gemu za vita vya angani, umeishia kwenye hukumu isiyokubalika: katika timu iliyoshinda, aliyefanya upelelezi alinyimwa fungu la zawadi kwa kuwa jedwali la mwisho lilionyesha hakuua hata mmoja. Mpelelezi ni anayetangulizwa aone kwa niaba ya wenzake. Maana hiyo yatosha. Linalotakiwa kupimwa ni haki yake katika ushindi ambao mkono wake haukupiga.

Hoja iliyomnyima ni kwamba jicho haliui, nayo inaudhi kwa sababu inajivika vazi la hesabu. Chukua StarCraft: Brood War ya 1998. Humo mna askari aitwaye Dark Templar, asiyeonekana. Jeshi zima laweza kusimama mbele yake likachinjwa bila kufyatua hata mara moja, maana silaha haiwezi kulenga kisichoonekana. Kisha hutokea Observer, chombo kidogo kinachogharimu madini 25 na gesi 75, kisicho na silaha yoyote. Papo hapo adui huwa wazi, mizinga hulia, naye huanguka. Jedwali huandika kifo hicho kwa jina la mzinga. Lakini mzinga ulikuwapo tangu awali, na nguvu zake zilezile, ukashindwa. Kilichoongezeka ni jicho. Atakayejibu kwamba jicho bila mzinga nalo lisingeua amesema kweli, ila kweli hiyo huwafanya wawili hao washirika, haimgeuzi mmoja wao kuwa mtazamaji. Wala mikono mitupu si kasoro. Katika gemu hizi askari mwenye silaha, akiachwa peke yake, humshambulia adui amwonaye. Hapo amejitangaza, na upelelezi umekwisha. Asiye na silaha hubaki kwenye kazi yake. Kumnyima fungu kwa kutoua ni kumwadhibu kwa kutimiza sharti alilotumwa nalo.

Kwamba mpelelezi huweza kuleta habari potofu, na kwamba waliopigana walipoteza vyombo vingi zaidi, ni hoja za haki na nazikubali.

Ukambani yenyewe inajua dhuluma ya namna hii. Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa misafara huko Kitui, ndiye aliyemweleza mmisionari Krapf habari za mlima wenye weupe kileleni, na Krapf akauona tarehe 3 Desemba 1849. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akakataa katakata kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, basi aliyeona akageuzwa mshukiwa mbele ya aliyekaa. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya Tana, na sifa ya mlima ikabaki kwa mgeni wake. Kila mwenye jedwali ana uwezo huo wa kuamua kitakachohesabiwa kuwa kazi, na mara chache huulizwa aliupata wapi.

Hata hivyo, tukisema fungu lipimwe kwa alichofichua mpelelezi, tatizo halijaisha. Yuko anayezunguka ramani nzima, asikute adui popote, akarudi na habari hiyo tu. Kwa habari hiyo wenzake wakaacha kujenga ngome wasizozihitaji, wakapanua makao yao. Hakuna aliyeuawa wala aliyefichuliwa. Sijaona kipimo cha kumgawia huyo.