Suruali Isiyofuliwa

Kwa miezi minane sikufua suruali yangu. Nasema mapema ili anayetaka kuondoka aondoke sasa.

Ni jinzi mbichi, yaani haijapitia maji tangu kitambaa chake kifumwe. Siku za mwanzo ni ngumu kama turubai, na inaacha bluu mapajani, kwenye makochi na kwenye raba nyeupe. Uzuri wake uko kwenye nili. Nyuzi zake huchovywa kwa namna ambayo rangi inashika juu juu tu, katikati uzi unabaki mweupe. Ukikaa, ukipiga goti, ukichomoa simu, rangi inasuguliwa kidogo na weupe unachungulia. Baada ya miezi, suruali inakuwa na alama za mwili wako mwenyewe: mikunjo nyuma ya magoti, umbo la simu pajani. Ndiyo maana wapenzi wake hawana haraka ya kuifua. Ukifua mapema, rangi inapungua kila mahali kwa pamoja na alama hazijitengi.

Yangu aliniletea rafiki aliyekuwa anasoma Okayama, Japani, ambako eneo la Kojima linasifika kwa jinzi. Kabla ya hapo nilivaa mitumba ya Karume kama watu wengi wa Dar. Mtumba sina ugomvi nao. Goti lake limepauka kwa mtu nisiyemjua, lakini haufichi: wenyewe unakwambia nilikuwa wa mwingine.

Kilichonikera ni jinzi mpya iliyozeeshwa kiwandani. Njia mojawapo ya kuizeesha ilikuwa kuipiga mchanga kwa mashine ya upepo. Nchini Uturuki vijana waliofanya kazi hiyo walivuta vumbi la mchanga, likawaharibu mapafu, na wapo waliokufa. Serikali yao ilipiga marufuku njia hiyo mwaka 2009. Niliposoma habari hizo nikajiwekea msimamo, na nikawahubiria wenzangu chumba cha habari: mtu asivae uzee ambao hakuuishi, tena uliolipiwa kwa pumzi ya mwingine. Suruali yangu nitaichakaza mwenyewe.

Basi, Jumamosi moja narudi kazini, naikuta kwenye kamba, inachuruzika maji ya bluu. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani aliikuta imetundikwa nyuma ya mlango, akailoweka kwenye sabuni ya unga, akaipiga brashi sawasawa.

Nilipaza sauti. Nilimuuliza nani kamtuma. Nikasema miezi minane, miezi minane, kama vile nimefiwa. Yeye amesimama na beseni, mikono ya bluu mpaka kwenye viwiko.

"Kaka, niliona chafu. Nikajua umesahau kunipa."

Mke wangu akatokea jikoni. "Kwa suruali?" Hakusema lingine.

Usiku ule sikulala vizuri. Hoja yangu yote ilikuwa kwamba nguo isigharimu utu wa mtu. Nilikuwa na huruma kwa vijana wa Uturuki ambao sitawaona maishani, na huyu wa uani kwangu nimemfokea mbele ya watoto.

Kuna wanaosema kutunza kitu kimoja kwa miaka kunamfunza mtu subira. Naamini bado kuna ukweli hapo, hasa zama hizi za kununua na kutupa. Lakini tuulize pia: subira hiyo inasimama juu ya mgongo wa nani? Mimi nilijisifu kwa kutofua suruali moja wakati mashati yangu, soksi zangu na mashuka yangu yote vinafuliwa na mtu mwingine. Ningekuwa nafua nguo zangu zote mwenyewe, kutofua moja kungekuwa na maana. Kwa hali yangu, ilikuwa ni nguo ambayo sikumpa dada, basi.

Nilimwomba radhi kesho yake. Ilipaswa iwe jioni ile ile, ila kiburi. Akasema, "Yaishe, kaka," akaendelea kuchambua mchele. Sijui kama yaliisha kwake. Mtu anayekula kwako ana sababu nyingi za kusema yaishe.

Suruali haikufa. Imepungua kiuno kidogo, na kwenye paja la kushoto kuna michirizi ya brashi iliyokatiza alama zangu zote. Naifua mwenyewe siku hizi: naigeuza nje ndani, maji baridi, sabuni kidogo, bila brashi, naianika kivulini. Wiki hii nimeongeza mashati na soksi.

Mashuka bado anafua yeye. Na mshahara wake sijauongeza tangu mwaka juzi. Hilo nalo nimeliandika hapa ili nisipate pa kujificha.