Unga wa Mizizi na Mtu Aliyechoka

Maduka ya dawa za asili mijini sasa yanauza unga wa ashwagandha kwenye vikopo vilivyoandikwa kwamba unaondoa msongo wa mawazo na kurudisha usingizi. Wanaounua ni watu waliochoka kweli: muuguzi wa zamu za usiku, dereva wa basi la mkoani, binti anayeuguza mzazi nyumbani peke yake. Siwalaumu hata kidogo.

Mmea wenyewe si mgeni kwetu. Withania somnifera ni kichaka kifupi kinachojiotea katika sehemu kavu za Afrika Mashariki, chenye tunda jekundu lililofichwa ndani ya ganda jembamba kama karatasi. Huko India mizizi yake imetumika kwa karne nyingi. Majaribio ya kitabibu nayo yapo, mengi ya watu makumi tu, kwa majuma manane hivi: baadhi walilala vizuri zaidi, na kotisoli, homoni ya msongo, ikapungua. Inatia moyo, ingawa ushahidi bado ni mchanga.

Kinachonikosesha raha ni pale wazo la kustahimili msongo kwa dawa lilipoanzia. Mwaka 1947, katika Urusi ya Kisovieti, Nikolai Lazarev alitoa fikra ya adaptojeni, yaani dawa ya kuusaidia mwili kustahimili msongo, na Israel Brekhman akaiendeleza kwa utafiti wa mimea. Walitafuta kitu cha kumwezesha binadamu kustahimili kazi nzito na uchovu. Swali lilikuwa avumilie vipi zaidi. Kwenye vikopo vyetu nalisoma swali lile lile, na kwa mtu aliyekwisha kuelemewa naliona ni la kikatili.

Wazee wa Pwani waliuliza jingine: apumzishwe vipi. Mama akijifungua hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga hadi jasho limtiririke usoni. Lakini anayemkanda ni mama yake au shangazi, mtoto hupokelewa na mikono mingine, na jikoni hakumhusu. Uji ule ule ukimpa mzazi aliyerudi kazini siku ya tano, umempa uji tu. Dawa ilikuwa mapumziko na watu. Pilipili manga ilisindikiza.

Tena mizizi ya ashwagandha ina nguvu zake. Kuna taarifa za waliodhurika ini kwa kuitumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Inaweza kugongana na dawa za kisukari, za tezi ya shingo na za usingizi, na mjamzito hashauriwi kuitumia.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukienda kliniki beba na kikopo chako, mwonyeshe daktari bila aibu. Nanyi mnaoishi na mtu anayenunua unga huu, mwulizeni ni kazi gani mumpokee wiki hii, kisha mpokeeni.