Aliyejitolea Anadaiwa Nini?

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo inamsifu mtu siku anapotoa. Haisemi lolote kuhusu mwaka wa kumi, pale mtoaji amechoka na wapokeaji wamezoea hadi wanaona ni haki yao. Je, kazi uliyoianza kwa hiari inaweza kugeuka deni?

Swali hili limenijia kutoka kona ambayo sisi wapenzi wa fasihi hatupiti sana: programu za sauti. Mimi ni mwandishi wa habari, na mahojiano yangu nayakata kwa Audacity, kwenye kompyuta inayotumia Debian, mojawapo ya familia kongwe za Linux, iliyoanza mwaka 1993. Sijalipa hata senti. Audacity imeandikwa na watu wengine kabisa, lakini ili inifikie ikiwa tayari, lazima kuwe na mtu wa Debian wa kuifungasha, kuirekebisha ioane na programu nyingine, na kupokea malalamiko. Huyo ndiye mlezi wa kifurushi. Wengi wao wanajitolea tu.

Na kazi yenyewe haiishi, maana programu ya sauti huegemea nyingine. FFmpeg, inayosoma na kuandika aina nyingi za faili za sauti na video, ilipotoa toleo la 5.0 Januari 2022, iliondoa njia za zamani ambazo programu nyingine zilikuwa zikiitumia. Python 2 ilipoacha kuhudumiwa mwanzoni mwa 2020, programu zilizoandikwa kwa lugha hiyo ilibidi zihamishwe au ziondolewe. Hakuna aliyekosea, lakini kilichofanya kazi jana leo kimegoma. Ni kama paa la makuti: hata usipoligusa, miaka ikipita lazima upande tena.

Sasa, mlezi huyu anadaiwa? Katiba ya Debian inajibu waziwazi: hakuna anayelazimika kuufanyia mradi kazi yoyote. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni maneno makavu. Siku hizi naona ni haki. Zawadi usiyoruhusiwa kuiacha si zawadi tena, ni kongwa. Na yule anayemtukana mlezi kwa sababu sauti inakwaruza, ilhali yeye hajachangia chochote, tunamjua: fadhila za punda ni mateke.

Ila moyo haukubali kuishia hapo. Watu wakijua mlango una bawabu, hawatafuti mwingine. Mlezi aliyenyamaza hajaacha tu kazi yake, ameziba pia nafasi ya mtu ambaye angeweza kuifanya. Madhara yanatoka hapo, si kwenye uchovu wake.

Debian wana neno kwa hali hii. Kifurushi ambacho mlezi amekiacha rasmi huitwa yatima, na hutangazwa hadharani ili mwenye uwezo akilee. Kwa mlezi aliyenyamaza pia upo utaratibu: anayetaka kukiokoa kifurushi hutangaza nia yake, kisha husubiri angalau siku 21. Mlezi akijitokeza na kukataa, basi.

Angalia vizuri: utaratibu huo haumdai mlezi kazi, unamdai neno. Kwetu mgeni huondoka saa aitakayo, hakuna wa kumshika miguu. Kinachouma ni kuondoka bila kuaga. Naamini deni la aliyejitolea ni hilo, na ni hilo tu.

Utaniambia: vipi kama anaumwa? Vipi kama amefiwa, au amechoka kiasi kwamba hata mistari miwili ya kuaga inamshinda? Ni kweli, hutokea. Ndiyo maana nadhani deni lina upande wa pili. Anayepokea naye anadaiwa kubisha hodi. Zile siku 21 ni hodi ndefu, ya mtu anayejua kwamba ndani huenda kuna mgonjwa.

Kwa hiyo programu unayoipenda ikigoma, kabla hujauliza mbona hawairekebishi, uliza kwanza kama wapo, na kama wazima. Ukijibiwa, shukuru. Ukikuta kimya, kumbuka kwamba methali yetu haikutaja ni nani anayepaswa kutoa. Pengine zamu imefika kwako.